Minyoo ya tumbo si ulozi, na kidonge peke yake hakitoshi

Mvua ikishaanza Lubumbashi, mwezi wa kumi na moja, maembe yanaanguka katika malupango na watoto wanayaokota palepale chini, wanayapangusa kwa nguo na kuyala. Wakati huohuo mashimo ya choo yanajaa maji, na kilichokuwa ndani kinapanda na kutoka nje. Baadaye habari ileile inasikika Katuba, Kenya, Kampemba, Ruashi na hasa Annexe: mtoto analia tumbo, anakula bukari na hashibi, tumbo linavimba na miguu inabaki myembamba. Asubuhi moja anatoa mnyoo mrefu chooni, ama anautapika mbele ya watu.

Kinachofuata kinategemea mtoto huyo ni wa nani. Akiwa mtoto wa mwenye lupango, anapelekwa kwenye kituo cha afya, anapewa dawa, habari inaishia hapo. Akiwa mtoto wa wapangaji, watu wanasema amekula sukari mingi. Lakini akiwa mtoto aliyefika na mjomba ama shangazi, mtoto ambaye wazazi wake walikufa ama walipotelea njiani wakati wa kukimbia vita, mara nyingi maneno yanabadilika. Wanaanza kuuliza alikula nini usiku, na alikula kwa nani. Wanakumbuka kwamba tangu afike, kazi ya baba mwenye nyumba imeharibika. Mnyoo uliotoka tumboni mwake unageuka kuwa ushahidi wa ulozi.

Hilo ndilo jambo ambalo mji huu unapaswa kulikataa kwa sauti. Mnyoo wa tumbo ni ushahidi, hiyo ni kweli, lakini haushuhudii lolote juu ya roho ya mtoto. Unashuhudia juu ya choo cha lupango anamoishi, juu ya maji na sabuni visivyopatikana, na juu ya kidonge ambacho hakumfikia.

Ili mtu aamini maneno hayo, inafaa ajue mnyoo wenyewe unaishi namna gani.

Katika kituo cha afya mnyoo huo unaitwa askarisi. Jina lake linafanana na la askari, na kama askari asiyelipwa, unaishi kwa chakula cha wenyeji. Ni mnyoo wa mviringo, mweupe ama wenye rangi kidogo ya waridi, na jike anaweza kufika sentimita 35. Anaishi katika utumbo mwembamba kwa mwaka 1 hadi 2, na kila siku anaweza kutaga mayai yapatayo 200,000. Mayai hayo ni madogo kabisa, jicho haliyaoni, nayo yanatoka pamoja na mavi.

Hapo ndipo penye jambo ambalo watu wengi hawalijui. Yai likitoka haliwezi kumwambukiza mtu siku hiyohiyo. Linahitaji kukaa katika udongo wenye unyevu na joto kwa muda wa wiki 2 hadi 3, wakati mwingine zaidi, ndipo kijidudu kilicho ndani kinakomaa. Baada ya hapo yai linaweza kungoja katika udongo miezi mingi, hata miaka. Linangoja mkono wa mtoto anayecheza, embe lililoanguka, nyanya isiyooshwa, karanga zilizoanikwa chini, ama udongo mweupe wa pemba ambao akina mama wajawazito wanaununua sokoni na kuula.

Yai likimezwa, kijidudu kinatoka, kinatoboa utumbo, kinaingia katika damu, kinapita katika ini na kufika mapafuni. Huko kinakaa siku 10 hadi 14. Ndiyo sababu mtoto anaweza kukohoa na kupumua kwa shida kabla tumbo lake halijasema lolote. Kisha kinapanda hadi kooni, mtoto anakimeza tena pamoja na mate, na mara hii kinabaki tumboni na kukua. Tangu yai la kwanza limezwe mpaka jike aanze kutaga yake, inapita miezi 2 hadi 3.

Mambo matatu yanatokana na hayo, na kila mzazi anaweza kuyatumia kujibu maneno ya jirani.

La kwanza, mnyoo huu hauzaliani ndani ya tumbo. Kila mnyoo uliomo uliingia kupitia mdomo, yai moja kwa mnyoo mmoja. Mtoto mwenye minyoo 20 alimeza mayai 20, na mayai hayo yalitoka katika mavi ya watu walio karibu naye.

La pili, mtoto mwenye minyoo hamwambukizi mwenzake kwa kulala naye kitanda kimoja, kwa kumsalimu ama kwa kucheza naye. Hakuna sababu ya kumlaza peke yake jikoni ama nje ya mlango. Kinachoambukiza ni mavi yaliyoachwa mahali watu wanapokanyaga, wanapolima na wanapopika.

La tatu, sukari haizai minyoo, wala embe lenyewe halizai minyoo. Embe lililochumwa mtini na kuoshwa halina kosa. Lililookotwa karibu na shimo la choo ndilo linalobeba mayai.

Basi, mtoto anayekula sana na kubaki mwembamba si mlozi. Analisha wengine tumboni mwake. Mtoto anayechoka darasani, asiyeshika masomo, anayekohoa usiku, ni mgonjwa wa ugonjwa wa kawaida kuliko karibu yote. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba watu wapatao bilioni 1.5 duniani wana minyoo inayotoka katika udongo. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema kwamba watu bilioni moja na nusu wamelogwa.

Na sheria ya nchi imekwisha kusema neno lake. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kuwa mlozi, pamoja na kumtupa na kumtesa. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inamwekea anayefanya hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi 3 na faini. Hiyo inamhusu shangazi, inamhusu mwenye lupango, na inamhusu pia mtu anayeongoza chumba cha maombi. Kumwombea mtoto si kosa. Kosa ni kumtangaza mlozi mbele ya watu, kumfungisha siku tatu bila kula wakati tayari anadhoofika, ama kumzuia asipelekwe kwa munganga. Maombi na kidonge havigombani. Mchungaji anayesema "nenda kwanza kituo cha afya, kisha urudi tuombe" anawalinda kondoo wake kuliko yule anayetafuta mlozi katikati ya watoto.

Watoto wengi walioko mitaani mjini walifukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja la ulozi. Wengine wameokotwa na kulelewa katika vituo kama Bakanja, vinavyoendeshwa na Wasalesiani. Familia iliyokwisha kupoteza nyumba, shamba na makaburi ya wazee wake haipaswi kupoteza pia mtoto kwa sababu ya mnyoo.

Dawa ipo, nayo ni rahisi. Ni kidonge kimoja cha albendazole cha miligramu 400, ama cha mebendazole cha miligramu 500. Mtoto wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 2 anapewa nusu ya kile cha albendazole. Mama mjamzito anaweza kukipata baada ya miezi 3 ya kwanza, kwa kuongozwa na kituo cha afya. Katika nchi hii, kampeni za afya ya mtoto zinatoa vitamini A pamoja na mebendazole kwa watoto wa miezi 12 hadi 59, na relais wa afya wanapita mlango kwa mlango. Kazi yao ni kubwa na malipo yao ni madogo, na wanastahili shukrani.

Lakini mlango kwa mlango kuna shimo lake, na shimo hilo wanaanguka waliohama.

Lubumbashi imepokea watu kwa mawimbi. Wako waliotoka Mitwaba na Pweto katika miaka ya vita vya Bakata Katanga, kwenye eneo watu walilolipa jina la pembetatu ya kifo. Wako waliotoka Tanganyika wakati wa mapigano kati ya Watwa na Waluba. Wako waliofika kwa treni kutoka Kasai. Na wako waliotoka Kivu baada ya Goma na Bukavu kuanguka mwanzoni mwa 2025. Wengi wao hawako katika kambi yenye lango na orodha. Wako kwa ndugu, katika chumba cha nyuma, kwenye nyumba isiyokwisha kujengwa wanayoilinda, ama katika kiwanja cha kanisa.

Relais akipiga hodi, anayejibu ni mwenye nyumba. Anataja watoto wake wawili, wanapata vitamini na kidonge, alama ya chaki inachorwa ukutani. Watoto watano wa chumba cha nyuma hawatajwi, labda kwa sababu mama yao ametoka kuuza makala, labda kwa sababu mwenye nyumba hataki watu wajue idadi ya waliomo. Na mtoto wa miaka 7 ama 10 amekwisha kupita umri wa kampeni ya watoto wadogo. Yeye angepata kidonge shuleni, lakini haendi shule. Masomo ya msingi yametangazwa kuwa ya bure tangu 2019, ila karatasi, uniformu na daftari si vya bure, na mtoto aliyekimbia bila karatasi mara nyingi anabaki nyumbani.

Mtoto huyo ndiye anayetembea bila viatu kuliko wote, ndiye anayeishi kwenye choo kibaya kuliko vyote, na ndiye asiyehesabiwa. Hata mtu asiyejali mambo ya huruma anapaswa kulifikiria hilo. Kidonge kinachotolewa kwa watoto wawili wa mbele na kuwaruka watano wa nyuma, katika lupango lenye choo kimoja, ni kidonge kilichotupwa nusu. Baada ya miezi michache wale wawili wanameza tena mayai yaliyotoka kwa wale watano.

Jambo hilo limeonekana wazi jirani, huko Kenya. Tangu 1998, katika wilaya ya Busia, shule 75 ziliingizwa katika mpango wa dawa za minyoo kwa zamu. Wachunguzi Edward Miguel na Michael Kremer waliandika mwaka 2004 kwamba utoro shuleni ulipungua kwa robo, na kwamba hata watoto ambao hawakumeza dawa, lakini waliishi karibu na waliomeza, walifaidika, kwa sababu mayai katika udongo yalipungua. Wataalamu wengine wamebishana baadaye juu ya ukubwa wa faida hiyo. Hata hivyo serikali ya Kenya ilianza mpango wa dawa za minyoo shuleni mwaka 2009.

Kwa hiyo ombi la kwanza ni jepesi na halihitaji fedha nyingi. Kabla ya kila kampeni, mkubwa wa avenue apite pamoja na mtu mmoja wa waliohama, anayejua ndugu zake wanaishi wapi, waandike watoto na si nyumba. Kidonge kigawiwe pia katika viwanja vya makanisa na penye visima, saa ambayo akina mama wamerudi kutoka sokoni. Shule inayogawa dawa ifungue mlango siku hiyo kwa kila mtoto wa mtaa wa miaka 5 hadi 14, awe ameandikishwa ama hapana. Shirika la Afya Duniani linashauri kutoa dawa mara 1 kwa mwaka mahali ambako watoto 20 kati ya 100 ama zaidi wana minyoo ya udongo, na mara 2 wakifika 50 kati ya 100. Mahali ambapo familia sita zinatumia shimo moja, haifai kungoja mpaka watoto waanze kutapika minyoo.

Ombi la pili ni gumu zaidi, kwa sababu linamgusa mwenye lupango.

Kidonge kinafukuza minyoo iliyomo leo. Hakizuii yai la kesho. Anayetoa dawa bila kushughulika na choo anachota maji katika mtumbwi uliotoboka. Yai la askarisi halifi kwa klorini inayotiwa katika maji ya kunywa, ile inayosaidia sana wakati wa kipindupindu. Linakufa kwa moto: maji yaliyochemka, chakula kilichoiva. Na njia iliyo bora kuliko zote ni mavi yasifike kabisa katika udongo wa lupango.

Korea ya Kusini ilijifunza hayo kwa uchungu. Mwaka 1963 mtoto wa kike wa miaka 9 aliletwa katika hospitali ya mji wa Jeonju, utumbo wake umezibwa. Waganga walitoa minyoo 1,063, na mtoto akafa. Nchi ile wakati huo ilikuwa maskini, imetoka vitani miaka 10 tu kabla, na imejaa watu waliokimbia makao yao. Mwaka 1966 ikatunga sheria juu ya magonjwa ya minyoo, na tangu 1969 wanafunzi wakawa wanapimwa mavi mara 2 kwa mwaka na kupewa dawa. Pamoja na hayo vyoo vikajengwa, na wakulima wakaacha kutia mavi ya watu katika bustani. Mwaka 1971 zaidi ya nusu ya watu walikuwa na askarisi. Mwaka 1997 hata mtu mmoja kati ya 1,000 hakupatikana. Hawakulogwa, na hawakulogolewa. Walihesabu watoto wote, wakatoa dawa bila kuchoka, wakajenga vyoo.

Mwenye lupango wa Lubumbashi anayepokea kodi ya kila mwezi na garantie ya miezi kadhaa amechukua mzigo pamoja na fedha hizo. Hawezi kupangisha vyumba sita kwenye shimo lililochimbwa kwa ajili ya familia moja. Atasema hana fedha, na pengine katika mtaa wake maji ya chini yako karibu, shimo halishuki. Maneno hayo yana ukweli. Lakini choo kinaweza kuinuliwa juu ya matofali, kikawekewa sakafu inayooshwa na kifuniko, kikazungushiwa mfereji mdogo wa kuzuia maji ya mvua. Kodi ya mwezi mmoja ya vyumba vyote ingeweza kuanzisha kazi, na wapangaji wengi wangetoa mikono yao kuchimba. Jambo lisilo na udhuru ni desturi ya kungoja mvua kubwa ya usiku, kutoboa shimo la choo na kuachia mavi yote yaende katika mfereji wa barabara. Kinachotoka kwa mmoja kinalala mlangoni pa mwingine, na kinaendelea hadi kwenye mito na bustani zinazolisha masoko ya mji.

Wakaguzi wa usafi wa komini, wanapopita, waanze na shimo hilo. Kumtoza faini mama anayeuza nyanya kando ya barabara ni rahisi. Kumwambia mwenye vyumba sita ajenge choo cha pili kabla ya mvua ijayo ndiyo kazi yenyewe.

Wakati hayo yanangojewa, familia hazina budi kujilinda kwa kilicho mkononi. Mikono ioshwe kwa sabuni, na ikikosekana kwa majivu, baada ya choo na kabla ya kugusa bukari. Kucha za watoto zikatwe. Mavi ya mtoto mchanga yatupwe chooni, kwa maana si kweli kwamba ya mtoto hayana madhara. Matunda na nyanya vioshwe kwa maji safi, na lengalenga na sombe viive vizuri. Mtoto mdogo asilazimishwe kumeza kidonge akilia, kisije kumkaba. Kisagwe, kichanganywe na maji kidogo, angoje atulie.

Na kuna dalili ambazo hazingoji kampeni wala maombi. Mtoto ambaye tumbo limekuwa gumu na linauma sana, anatapika bila kukoma ama anatapika maji ya kijani, hatoi mavi wala upepo, huenda utumbo wake umezibwa na minyoo. Asipewe kidonge kingine nyumbani, wala dawa ya kuharisha, wala maji ya dawa ya kienyeji kupitia nyuma. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Mvua itarudi kila mwaka, na maembe yataanguka. Mtoto aliyekimbia bunduki kutoka Mitwaba ama Bukavu ataokota moja na kulila, kama mtoto yeyote wa Katuba. Akitoa mnyoo baada ya miezi miwili, maswali ya kuulizwa ni haya: choo kiko wapi, nani hakumwandika siku ya kidonge, na mwenye lupango atachimba lini. Yeye mwenyewe asiulizwe neno. Apewe dawa, apewe maji ya kunawa, na arudishwe kwenye mkeka pamoja na wenzake.